Jinsi ya Kulijua na Kulitumia Neno "Phalanx": Mwongozo Kamili wa Neno Moja la Kiingereza Rasmi

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya kutafsiri, nililetewa habari ya Kiingereza iliyosema kwamba waziri wa nchi moja ya mbali alikuta "a phalanx of lawyers" mlangoni mwa mahakama. Nilifungua kamusi ndogo niliyokuwa nayo, nikaona maana ya kwanza kuwa ni mfupa wa kidole, na kwa kuwa muda ulikuwa umebana na mhariri amesimama nyuma ya kiti changu, nikaandika kwamba waziri huyo alinyooshewa vidole na mawakili. Sentensi yangu ilisomeka vizuri, na huo ndio uliokuwa ubaya wake, kwa sababu hakuna aliyeitilia shaka hadi gazeti lilipokwisha kutoka. Hakuna wakili aliyemnyooshea mtu kidole siku ile. Walikuwa wamejipanga bega kwa bega upande wa pili wa kesi, wengi na wenye kauli moja, kiasi kwamba waziri hakuona pa kupita.

Neno hilo ndilo tutakalojifunza hapa kwa hatua. "Phalanx" ni nomino ya Kiingereza rasmi inayotaja kundi la watu walioshikamana na kukabili jambo au mtu kwa pamoja, wakiwa kama mwili mmoja. Katika habari za siasa, za mahakama na za biashara, mara nyingi hutumika kuueleza upinzani wa pamoja usioyumba. Atakayeridhika na tafsiri ya "kundi" atakuwa ameikosa roho ya neno lenyewe, kwani Kiingereza kina maneno mengi ya kundi na mwandishi hakulichagua hili kwa bahati. Kipimo nitakachokirudia katika mwongozo huu wote ni swali moja, nalo ni: upenyo uko wapi? Kama kundi lina upenyo ambao mpinzani wake anaweza kupita bila taabu, basi hilo si "phalanx", hata wakiwa watu elfu moja.

Utahitaji daftari, kamusi ya Kiingereza inayoonyesha matamshi, na dakika 20 kwa siku katika muda wa wiki moja. Ukiwa na wenzako 4 au 5 wa kujifunza nao itakuwa bora zaidi, kwa sababu ambayo utaiona katika hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Lione umbo kabla ya kukariri maana

Neno hili lilitoka katika Kigiriki cha kale, likapita katika Kilatini, na kuingia katika Kiingereza katika karne ya 16. Kwa Wagiriki lilikuwa jina la gogo la mti, na pia jina la mpango wa vita ambamo askari wa miguu walisimama safu baada ya safu, wamebanana, wakielekeza mikuki upande mmoja. Askari hao, walioitwa hopliti, walibeba ngao ya duara yenye upana unaokaribia mita 1. Ngao hiyo ilivaliwa katika mkono wa kushoto, na mkuki ukashikwa kwa mkono wa kulia.

Hapa ndipo penye siri ya neno, na ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wasimame. Katika darasa la jioni ninalofundisha, huazima sinia 5 za plastiki kwa mama ntilie wa jirani, nikawapanga watu 5 mstari mmoja, kila mmoja na sinia yake katika mkono wa kushoto. Mara moja huonekana kwamba sinia moja haiwezi kumkinga aliyeishika peke yake. Nusu yake humkinga yeye ubavu wa kushoto, na nusu nyingine hutokeza nje na kumkinga jirani aliye kushoto kwake. Maana yake ni kwamba ubavu wako wa kulia, ambao hauna ngao, unalindwa na sinia ya mtu aliye kulia kwako. Akisogea hatua moja, wewe uko wazi. Akikimbia, wewe umekwisha.

Mwaka huu aliyesimama mwisho kabisa upande wa kulia alikuwa karani wa mahakama, mtu mtaratibu asiyependa mzaha. Nilimwendea na rula ya mbao nikamgusa mbavu za kulia, kwa kuwa hakuwa na jirani wa kumkinga upande huo. Alijivuta kulia kunikwepa. Aliyekuwa kushoto kwake naye akajivuta kulia ili asiachwe wazi, na wa tatu vivyo hivyo, hadi mstari mzima ukahamia kwenye ubao bila mtu yeyote kuamrisha. Darasa lilicheka, lakini mwanahistoria Thucydides aliandika jambo hilo hilo katika maelezo yake ya vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK: kwamba majeshi yote huelekea kuvutika upande wa kulia yanaposonga mbele, kwa sababu kila askari huusogeza ubavu wake ulio wazi karibu na ngao ya mwenzake wa kulia, na kwamba anayeanza ni yule wa mwisho.

Ukishaliona hilo kwa macho, utakuwa umepata sifa tatu za neno bila kukariri chochote. Kwanza, watu hao wako pamoja, si mmoja mmoja. Pili, wamebanana, na usalama wa kila mmoja umo mkononi mwa mwenzake. Tatu, wote wameelekeza uso upande mmoja, yaani kuna kitu wanachokikabili. Sifa moja ikikosekana, tafuta neno lingine. Watu 500 wanaosubiri basi wako pamoja na pengine wamebanana kweli kweli, lakini hawamkabili mtu, isipokuwa labda kondakta.

Usiiache historia hapo, maana sehemu yake ya mwisho ndiyo inayoeleza vitenzi tutakavyovikuta mbele. Philip wa Pili wa Makedonia aliubadilisha mpango huo katika karne ya 4 KK kwa kuwapa askari wake mkuki mrefu ulioitwa sarisa, ambao ulifikia mita 5 hivi na ukashikwa kwa mikono miwili, hivi kwamba ncha za mikuki ya safu kadhaa za mbele zilitangulia jeshi kama miiba ya nungunungu. Mwaka 338 KK aliwashinda Wagiriki wa Athens na Thebes huko Chaeronea, na mwanawe Alexander alikwenda na jeshi la namna hiyo mpaka Asia. Kwa uso wake wa mbele lilikuwa halishikiki. Lakini mwaka 168 KK, huko Pydna, jeshi la mfalme Perseus wa Makedonia lilipowafuata Warumi hadi kwenye ardhi yenye mabonde na vilima vidogo, safu zilishindwa kwenda sawa, nyufa zikajitokeza, na Warumi wakapenya humo kwa vikosi vidogo vyenye panga fupi. Mkuki wa mita 5 haumsaidii mtu ambaye adui yake amekwisha kumfikia kifuani. Kamba hukatikia pabovu, na ndiyo maana hadi leo Waingereza wanapotumia neno hili huzungumzia kulivunja, kulipenya, au kutafuta ufa ndani yake.

Hatua ya 2: Litamke kwa ulimi wa Mswahili, kisha lisahihishe

Waingereza husema FA-langks na Wamarekani wengi husema FEI-langks. Chagua moja ulishike, kwa kuwa yote mawili ni sahihi, ila usiyachanganye katika hotuba moja.

Herufi "ph" mwanzoni hutamkwa f, kama ilivyo katika neno la Kiingereza lililotupa famasi. Sauti iliyo katikati, ambayo kamusi huionyesha kwa alama ŋ, si ngeni kwetu hata kidogo, kwani ndiyo tunayoitamka katika ng'ombe, na pia katika benki, ambapo tunaandika n ya kawaida lakini ulimi unasema ng'. Wanafunzi wa mataifa mengine huhangaika na sauti hiyo. Sisi tumezaliwa nayo.

Mkazo nao unatupendelea. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na neno hili lina silabi mbili tu, kwa hiyo mazoea yetu yanaangukia pale pale panapotakiwa, yaani FA. Hatari iko mwishoni. Konsonanti tatu zinazofuatana, ŋ, k na s, hutufanya tuongeze irabu ili mdomo upumzike, tukasema "falanksi". Tukifanya hivyo neno linapata silabi tatu, na mkazo unahamia wenyewe kwenye "la", kama sheria yetu inavyotaka. Kosa moja limezaa la pili. Kwa hiyo usihangaike na mkazo: ondoa ile i ya mwisho, na mkazo utarudi mahali pake. Zoezi linalofaa ni kutamka neno la Kiingereza "thanks", ambalo karibu kila mtu analimudu, kisha kubakiza sehemu yake ya mwisho na kuitangulizia FAL: thanks, anks, FAL-anks.

Hatua ya 3: Tofautisha wingi wa watu na wingi wa mifupa

Neno hili lina wingi wa namna mbili, na hapa ndipo kosa langu la gazetini lilipoanzia. Ukizungumzia watu, askari au vitu vilivyojipanga, wingi ni "phalanxes", hutamkwa FA-langk-siz. Ukizungumzia mifupa ya vidole vya mikono na miguu, wingi ni "phalanges", hutamkwa fa-LAN-jiz, mkazo ukiwa katikati.

Muuguzi mmoja aliyekuwa darasani kwangu aliinua mkono kabla sijamaliza kuandika neno ubaoni, akasema: "Mwalimu, hiyo tuliisoma chuoni, kila mkono una 14." Alikuwa sahihi. Kidole gumba kina mifupa 2 na vidole vingine vinne vina 3 kila kimoja, jumla 14, na hesabu ni hiyo hiyo kwa mguu. Mifupa hiyo ilipewa jina la askari kwa sababu imejipanga safu safu kama wao. Asiyejua hivyo huona neno lina maana mbili zisizohusiana, akachoka nalo.

Ukikutana na neno lenye herufi kubwa mwanzoni, simama kidogo, kwa kuwa huenda likawa jina la kitu maalumu. Chama cha mrengo wa kulia cha Falange kilianzishwa Hispania mwaka 1933, na chama cha Kataeb cha Lebanon, kilichoanzishwa mwaka 1936, hutajwa katika vitabu vya Kiingereza na Kifaransa kwa jina la namna hiyo. Jeshi la majini la Marekani nalo lina mzinga wa kujilinda uitwao Phalanx.

Hatua ya 4: Lijifunze pamoja na majirani zake

Neno rasmi halitembei peke yake. Andika katika daftari lako neno pamoja na yale yanayolitangulia na yanayolifuata, kama vile anavyofanya mtu anayejifunza ngeli, ambaye hakariri "kiti" bila "hiki". Mpangilio wa kawaida kabisa ni "a phalanx of", kisha nomino ya wingi. Nakili sentensi hizi kwa mkono, kwa sababu mkono unakumbuka kile ambacho jicho limepitia tu:

"The minister faced a phalanx of reporters." Waziri alikabiliwa na ukuta wa waandishi wa habari.

"The proposal met a solid phalanx of opposition." Pendekezo lile liligonga ukuta wa upinzani usio na ufa.

"Villagers formed a phalanx across the road." Wanakijiji walijipanga bega kwa bega wakaifunga barabara.

"Bodyguards formed a phalanx around the singer." Walinzi walimzunguka mwimbaji wakamfanyia ngome.

Tazama sentensi ya nne. Walinzi wale hawampingi mwimbaji, bali wanamkinga, na umati ndio unaozuiwa. Ukuta una pande mbili, na anayelindwa nao huuona tofauti na anayeugonga. Kwa hiyo usikariri kwamba neno hili maana yake ni upinzani basi. Upinzani ni matumizi yake mashuhuri, lakini kiini chake ni ule mbanano unaokabili kitu.

Vitenzi vinavyolipenda ni "face", "meet" na "confront" kwa yule aliye nje, "form" kwa walio ndani, na "break" au "push through" kwa anayetaka kupita. Sifa zinazolifuata ni "solid", "unbroken" na "united". Usiseme watu "did a phalanx", wala usiligeuze kuwa kitenzi. Litaeleweka, lakini msomaji Mwingereza atakunja uso.

Kuhusu upatanisho wa kitenzi, wanafunzi huniuliza kila mwaka kama ni "a phalanx of lawyers was waiting" au "were waiting". Yote mawili huandikwa. Wamarekani huelekea zaidi kwenye umoja, na Waingereza huruhusu wingi wanapofikiria watu binafsi. Ushauri wangu kwa anayefanya mtihani ni kutumia umoja, kwa sababu unalingana na roho ya neno lenyewe: mawakili 20 wamekuwa kitu kimoja.

Hatua ya 5: Litenganishe na maneno ya ukoo wake

Hii ndiyo hatua inayochukua muda mrefu zaidi, na asiyeipitia hubaki akilitumia neno kama pambo. Kiingereza kina maneno mengi ya umoja dhidi ya jambo, na kila moja lina kazi yake.

"Coalition" ni makubaliano. Kuna mazungumzo, kuna masharti, mara nyingi kuna karatasi iliyotiwa saini. Vyama vya upinzani vya Kenya vilivyoungana chini ya NARC na kushinda uchaguzi wa Desemba 2002 vilikuwa "coalition", na kuwaita "phalanx" katika maelezo ya makubaliano yao kungekuwa kosa.

"Bloc" ni kundi linalopiga kura au kuamua kwa pamoja. Nchi za Afrika zikipiga kura moja katika Umoja wa Mataifa, ni "bloc". Hapo hatuzungumzii mbanano wa miili wala ukali wa sura, bali hesabu ya kura.

"Solidarity" ni hisia na tendo la kumuunga mkono mwingine, hata kama hauko naye. Mshikamano ndilo neno letu, na wafanyakazi wa Poland waliuita hivyo muungano wao mwaka 1980. Unaweza kuwa na mshikamano na mtu aliye bara lingine, lakini huwezi kuunda naye "phalanx" labda kwa sitiari ya kulazimisha.

"Boycott" ni tendo la kususia. Lilitokana na jina la Charles Boycott, msimamizi wa mashamba katika jimbo la Mayo nchini Ireland, ambaye mwaka 1880 wapangaji na majirani walimtenga: vibarua walikataa kumvunia, na wenye maduka walikataa kumuuzia. Watu waliosusia wanaweza kuwa wametawanyika nchi nzima, kila mtu nyumbani kwake. Nguvu yao ni kutokuwepo. Nguvu ya "phalanx" ni kuwepo, tena mbele ya macho yako.

"United front" ndilo jirani wa karibu zaidi, na ndilo linalochanganya watu. Nalo hueleza msimamo mmoja dhidi ya mpinzani, lakini lina harufu ya kujionyesha: husemwa "present a united front", yaani kuonyesha umoja mbele ya watu, na msikilizaji mara nyingi huhisi kwamba ndani ya nyumba kuna ugomvi. Mwaka 1937, Wakomunisti wa China na chama cha Guomindang waliweka kando vita vyao ili kuikabili Japani, na wanahistoria huuita muungano huo "united front". Hakuna aliyedhani wamependana. "Phalanx" haihusiki na yaliyo ndani ya mioyo. Inaeleza kile ambacho mtu aliye mbele yao anakiona na kukigonga.

Sasa jipime kwa kisa cha nyumbani. Aprili 2014, katika Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma, wajumbe waliojiita UKAWA, yaani Umoja wa Katiba ya Wananchi, walitoka nje ya ukumbi na kususia vikao. Mwaka uliofuata vyama vilivyokuwa ndani ya umoja huo vilisimamisha mgombea mmoja wa urais. Utatumia neno gani? Kutoka ukumbini ni "walkout", na kutorudi ni "boycott". Kusimamisha mgombea mmoja kwa makubaliano ni "coalition". Lakini mwandishi anayetaka kueleza jinsi wajumbe hao walivyoonekana na upande wa pili kabla ya kutoka, wakiwa wameketi na kupaza sauti kwa pamoja, angeweza kuandika kwamba serikali ilikabiliwa na "a phalanx of opposition members". Kisa ni kimoja, na kila neno limechukua pande lake.

Cha pili ni kigumu kidogo. Chama cha FORD kilianzishwa Kenya mwaka 1991 kikiwakusanya wapinzani wakubwa wa utawala wa chama kimoja, na mwaka 1992, kabla ya uchaguzi wa Desemba, kikagawanyika kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili. Wanafunzi wengi huandika "the coalition ended", na si kosa. Lakini anayekumbuka sinia za mama ntilie ataandika "the phalanx broke", kwa sababu sentensi hiyo inabeba pia kile kilichofuata: ufa ulipotokea katikati, kila upande ulibaki na ubavu ulio wazi.

Hatua ya 6: Chunguza nani analisema, na wapi

Neno hili ni la maandishi zaidi kuliko la mazungumzo. Utalikuta katika tahariri, vitabu vya historia, riwaya, ripoti za kesi na habari ndefu za siasa. Ukilitumia sokoni au katika ujumbe wa simu kwa rafiki, litasikika kama mtu aliyevaa suti kwenda kuteka maji.

Jambo ambalo kamusi nyingi hazilisemi ni kwamba aghalabu neno hili hutoka kinywani mwa yule aliye nje ya safu. Ni mwandishi anayemtazama waziri akigonga ukuta, au ni waziri mwenyewe anayelalamika. Walio ndani ya safu kwa kawaida hawajiiti hivyo. Wao husema "we stand together" au "we are united". Mtu akisema "we are a phalanx" atasikika anajigamba, au ametoka kusoma kitabu cha vita usiku uliotangulia. Vilevile kuna kejeli nyepesi ndani yake, hasa likitumika kwa mawakili, washauri, wapambe na kamera. Mwandishi anayesema tajiri fulani alifika na "a phalanx of advisers" anakudokeza, bila kusema, kwamba washauri walikuwa wengi kupita haja.

Hatua ya 7: Litafsiri kwa Kiswahili bila kulipoteza

Kiswahili hakina neno moja linalolibeba "phalanx" kila mahali, lakini kina neno linalolikaribia sana, nalo ni safu. Asili yake ni Kiarabu, na kila aliyewahi kusali jamaa anajua maana yake kwa mwili: bega kwa bega, bila kuacha nafasi, wote uso upande mmoja. Sura ya 61 ya Kurani, iitwayo As-Saff, inawataja wapiganao kwa safu kana kwamba ni jengo lililokamatana, na sijaona maelezo mafupi ya "phalanx" yanayoizidi picha hiyo. Watangazaji wetu wa mpira nao wamelihifadhi neno hili vizuri wanaposema safu ya ulinzi imesimama imara, au mshambuliaji ametafuta upenyo akaukosa.

Hata hivyo, safu peke yake wakati mwingine hupoa. Safu ya milima haimpingi mtu. Kwa hiyo mimi huongeza neno la kuipa ukali, nikaandika "safu nzima ya mawakili", au huacha safu nikachukua ukuta. Kwa mawakili magazeti hupenda "jopo", ambalo ni sahihi kwa kazi yao lakini limekaa kwenye viti na kunywa maji ya chupa, hivyo ule ugumu wa kusimama haupo. "Genge" liepuke kabisa, kwa sababu linawafanya watu wahalifu. "Msururu" nao ni wa watu waliofuatana mmoja nyuma ya mwingine, na ukiukuta mbele yako unaweza kuuzunguka.

Kwa upinzani wa mawazo, ambapo hakuna miili iliyosimama, tumia "upinzani wa kauli moja" au "ukuta wa upinzani". Ukimaliza, funika Kiingereza, soma Kiswahili chako peke yake, na ujiulize lile swali letu la upenyo. Kama msomaji anauona upenyo ambao mwandishi wa awali hakuuacha, rudia.

Hatua ya 8: Lirudie kwa vipindi, kisha litumie

Rudia neno siku ya kwanza, ya tatu, na ya saba, kisha baada ya mwezi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau haraka mwanzoni na kwamba kurudia kwa vipindi kunaokoa muda. Siku ya kwanza nakili zile sentensi nne. Siku ya tatu ziandike bila kutazama. Siku ya saba tunga sentensi yako kutoka katika maisha yako mwenyewe, na uipitishe katika sifa tatu za hatua ya kwanza kabla ya kumwonyesha mtu.

Wengi hutunga za polisi na waandishi wa habari, ambazo ni sahihi na hazina ladha. Mwaka huu yule muuguzi alisimama akasoma: "A phalanx of aunts stood between the groom and the door." Mashangazi wamejipanga mbele ya mlango, bwana harusi yuko nje na wapambe wake, bibi harusi yuko ndani. Tuliipima. Wako pamoja, ndiyo. Wamebanana, ndiyo, kwa vijora vyao. Wanamkabili mtu, tena wanamtazama usoni. Karani wa mahakama, ambaye hakuwa amesahau rula yangu, akauliza kwa upole: na upenyo uko wapi?

"Upenyo upo," akasema muuguzi, "ila hautokei mpaka kitolewe kifungua mlango."